Beringi au Roulement? Tahakiki ya Istilahi Moja kati ya Dar es Salaam na Kolwezi

Uundaji wa istilahi za Kiswahili umejadiliwa kwa kirefu tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa nchini Tanzania mwaka 1967. Aghalabu mjadala huo umehusu njia ya kulipata neno: likopwe, litafsiriwe au libuniwe. Ni mara chache swali jingine limeulizwa, nalo ni iwapo neno lililochaguliwa linakifunika kitu kilekile ambacho fundi anakishika mkononi. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa mfano wa neno beringi, na yanalipeleka Kolwezi, mahali ambapo Kiswahili kimefanya kazi kando ya mitambo mizito kwa vizazi kadhaa bila ya kushauriwa na wanaistilahi.

Kolwezi, ambao tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya Jimbo la Lualaba, ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mali za kampuni hiyo zilitaifishwa mwaka 1967, na shirika lililozirithi ndilo lililokuja kujulikana kwa jina la Gécamines. Wafanyakazi walitoka katika makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kazini na majumbani. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni katika Kongo ya Wabelgiji kati ya 1880 na 1938, ameonyesha jinsi watawala na waajiri walivyokitwaa Kiswahili na kukifanya chombo cha utawala. Lugha iliyotwaliwa kwa ajili ya kutolea amri haihitaji msamiati wa ndani ya mashine. Aliyeamrishwa kupaka grisi alitakiwa kujua wapi na lini. Kwa nini, na grisi ya namna gani, yalikuwa ni maarifa ya msomaji wa Kifaransa.

Beringi, kwa ufafanuzi wa jumla, ni kifaa kinachoishikilia shafti mahali pake huku kikiiachia izunguke kwa msuguano mdogo. Ufafanuzi huo waweza kuitosheleza kamusi, lakini hauitoshelezi karakana, kwani msuguano hupunguzwa kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Katika njia ya kwanza shafti huteleza juu ya uso laini uliopakwa mafuta. Katika njia ya pili vitu vya mviringo huwekwa kati ya shafti na kinachoishikilia, navyo huviringika. Kiswahili kinavyo vitenzi vyote viwili, kuteleza na kuviringika, navyo vinajulikana kwa kila mzungumzaji. Jambo la kushangaza ni kwamba havikutumiwa kuwa msingi wa mfumo wa istilahi.

Aina inayoteleza ndiyo kongwe, na ndiyo inayoihusu zaidi ardhi ya Lualaba. Bushi ya kawaida ya mashine nzito hutengenezwa kwa bronzi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati. Jimbo zima liliitwa Shaba kati ya 1971 na 1997, na bati lilichimbwa Manono. Kwa hiyo malighafi zote mbili za bushi zilitoka katika udongo wa Katanga, ilhali jina lake Kolwezi ni la Kifaransa, coussinet. Katika mitambo ya kupondea mawe, bushi za bronzi hubeba mapigo ambayo yangezipasua gololi. Vinu vikubwa vya kusagia mbale, yaani mawe yenye madini, huzunguka polepole vikiwa na uzito mkubwa mno, na shingo zake kwa kawaida zimelazwa juu ya metali nyeupe ya bati, antimoni na shaba, ambayo asili yake ni ugunduzi wa Isaac Babbitt wa mwaka 1839. Metali hiyo ni laini kwa makusudi, ili takataka ikiingia izame ndani yake badala ya kuikwaruza shafti.

Aina inayoviringika ina matawi mengi zaidi. Gololi hugusana na ringi zake katika nukta ndogo, kwa hiyo huzunguka kwa wepesi lakini hazihimili uzito mkubwa. Ndizo za mota za umeme, za rola zinazobeba mikanda ya kuchukulia mawe, na za vikombe vya baiskeli, zikiwemo baiskeli zinazobeba magunia ya makaa katika barabara za Kolwezi. Rola, kwa kuwa hugusana katika mstari, hubeba zaidi. Rola zilizochongoka kama pia, ambazo Henry Timken alizipatia hataza mwaka 1898, hupokea mzigo wa ubavuni pamoja na msukumo wa kwenda kwa urefu wa shafti, na ndiyo maana huwekwa mbili mbili, zikielekeana, katika magurudumu ya malori. Ziko pia rola zenye umbo la pipa, zilizobuniwa na Arvid Palmgren wa kampuni ya SKF ya Uswidi mwaka 1919, ambazo huvumilia shafti iliyopinda kidogo. Katika mgodi, ambako misingi ya mashine hutikisika na vyuma hupinda, uvumilivu huo si anasa.

Hapo ndipo kosa la istilahi linapojitokeza. Neno beringi limetoholewa kutoka Kiingereza, ambacho kililiunda jina hilo kutokana na kubeba. Jina hilo hufunika aina zote, zinazoteleza na zinazoviringika. Neno roulement, linalotawala Kolwezi, limetokana na kuviringika. Halifuniki bushi, wala haliwezi kuifunika, kwa kuwa ndani ya bushi hakuna kinachoviringika. Kwa hiyo mfasiri anayeandika beringi kila anapokutana na roulement hajakosea sana. Lakini anayekwenda upande wa pili, akaandika roulement kila anapokutana na beringi, amemtuma fundi ghalani kutafuta kitu kisichokuwapo. Maneno hayo mawili si visawe. Kila moja limekata uhalisi kwa kisu chake, na Kiswahili kimeyapokea yote mawili, moja mashariki na moja magharibi, bila ya kuulizana.

Neno gololi nalo lina mtego wake. Afrika ya Mashariki limeenea kwa maana ya kitufe cha chuma cha ndani ya beringi na kwa maana ya kitufe anachochezea mtoto, na katika karakana ya baiskeli halimtatizi mtu. Kwenye kiwanda cha kusafishia mbale mambo ni mengine. Huko viko vinu ambamo vitufe vizito vya chuma huangukiana na kuyasaga mawe, na vitufe hivyo huliwa na kazi hata vikahitaji kuongezwa kila mara. Kifaransa huviita boulet, na vile vya ndani ya beringi bille. Sentensi ya Kiswahili isemayo kwamba gololi za kinu zimekwisha yaweza kuwa ni taarifa ya kawaida ya zamu, au ni sababu ya kukisimamisha kinu. Istilahi isiyoweza kutenganisha mambo hayo mawili haifai, hata kama imekidhi kila kigezo cha ufupi na uzawa.

Itasemwa kwamba mafundi wa Kolwezi hawajakwama, na hoja hiyo ina uzito. Fabian mwenyewe, katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu ukopaji wa maneno katika Kiswahili cha Shaba, alipinga fikra kwamba msemaji hukopa kwa sababu tu ana pengo la kuziba. Ukopaji una ubunifu wake. Zaidi ya hayo, beringi zinazoviringika zina jina jingine ambalo si la Kifaransa wala la Kiingereza, nalo ni namba iliyochorwa ubavuni. Katika 6205, tarakimu 6 yaonyesha gololi za safu moja, na 05 ikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu, milimita 25. Namba inayoanza na 30 ni ya rola zilizochongoka, na inayoanza na 51 ni ya gololi za kupokea msukumo. Aijuaye namba hununua bila ya kukosea. Lakini namba haifundishi. Haimwambii mwanafunzi kwa nini 6205 ikiwekwa mahali pa msukumo mkubwa itaharibika mapema, na maelezo hayo ndiyo hasa yanayohitaji lugha.

Hapana budi, basi, beringi libakie kuwa jina la jumla, kisha pawepo beringi za kuteleza na beringi za kuviringika, na bushi, gololi na rola zipangwe chini yake. Vitufe vya kinu vipewe jina lake, kwa mfano tufe la kusagia. Mfumo huo ni rahisi, na ugumu wake hauko katika maneno. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 iliziunganisha Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, na Kongo haikuwamo. Usanifishaji uliofuata ulirithi mpaka huo. Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kamisheni ya Kiswahili ya Jumuiya hiyo iko Zanzibar, mbali na mgodi wowote wa shaba.

Yako mambo ambayo hata mfumo uliopendekezwa hauyamalizi. Katika mitambo ya umeme wa maji yenye shafti ya wima, uzito wote wa kinachozunguka hukalia vipande vya chuma vilivyopakwa metali nyeupe, na kila kipande huinama kidogo ili utando wa mafuta ujipenyeze chini ya mzigo. Ni wazo walilolifikia Michell wa Australia na Kingsbury wa Marekani, kila mtu kwa njia yake, mwanzoni mwa karne ya 20. Kifaransa kina neno butée kwa beringi ya kupokea msukumo. Kiswahili kingeweza kulitumia mhimili, lililotokana na kuhimili, lau wanaistilahi wasingekwisha kulitoa kwa mstari ambao kitu huuzunguka.