Q na kizimba kisicho na saa

Kwa ubunifu, sijaona mwendesha mchezo wa kumfikia Q, yule kiumbe mwenye uwezo wote, katika Star Trek yote. Dadu zangu, hata hivyo, simkabidhi. Sababu ni alichomtendea Tasha Yar wa meli ya Enterprise katika kipindi cha "Hide and Q", 1987.

Mnaikumbuka. Q amevaa magwanda ya jemadari wa enzi za Napoleon, ameshatandaza uwanja, na ametamka waziwazi kwamba mchezo huu hautakuwa wa haki. Mpaka hapo sina ugomvi naye, maana Dungeons & Dragons tangu 1974 imejaa majoka ambayo hayakuulizwa habari za haki. Yar anapinga. Papo hapo Q anamtolea adhabu na kumtoa uwanjani, naye Yar anajikuta kwenye chumba cha usukani cha Enterprise pamoja na nahodha Picard. Eti yuko kwenye kizimba cha adhabu, na kizimba chenyewe ni kimoja tu: mwenzake yeyote akiadhibiwa, atachukua nafasi hiyo, na Yar atafutika asiwepo tena popote.

Kizimba hicho kimechukuliwa kwenye hoki ya barafuni. Kule kosa dogo ni dakika 2. Zikiisha, mlango unafunguliwa na mchezaji anarudi kucheza. Q kachukua kizimba, saa kaiacha. Tena uhai wa Yar kautundika kwenye makosa ya watu wengine, kwa hiyo kila aliyebaki uwanjani anajua kwamba akithubutu jambo, anaweza kumuua mwenzake. Wachezaji wakishaogopa kuthubutu, mwendesha mchezo amebaki na nani wa kucheza naye? Na baada ya vitisho vyote hivyo, hakuna wa pili aliyepelekwa kizimbani.

Nawajua waendesha mchezo wa namna hii, na sijawasamehe. Mchezaji akiwajibu mara moja, mhusika wake anazimia mpaka usiku uishe, naye anabaki kutafuna karanga huku wenzake wanacheza. Wanaiita nidhamu. Ni kununa tu.

Aliyeokoa jahazi ni Picard, ambaye mchezo haukuwa wake: alipomwona Yar analia, akamwambia aliye kizimbani ana ruhusa ya kulia.

Wanaojua kazi hii walikuwepo miaka 20 kabla. Katika kipindi cha "Arena", 1967, viumbe waitwao Metron walimweka nahodha Kirk na nahodha wa Gorn kwenye sayari ya mawe, bila silaha, wakawaambia vya kutengenezea silaha vipo. Hawakusema ni vipi wala viko wapi. Kiberiti cha unga kiko mahali pake, makaa mahali pake, chumvichumvi nyeupe ya shura mwambani, almasi zimetapakaa, na mianzi minene inasubiri kuwa mtutu. Kirk alizipita almasi akiona hazina faida pale, baadaye ndizo alizozipakia kama risasi. Hata kifaa walichompa, alichodhani ni cha kurekodia tu, kilikuwa kinampelekea Gorn kila neno. Na walio nje ya mchezo? Metron waliwafungulia picha kwenye kioo cha meli. Spock, aliyebaki melini, akaelewa nahodha wake anatengeneza nini, akawa anaomba muda tu umtoshe. Hakuweza kugusa kitu, lakini hakuwa nje.

Q mwenyewe alijirekebisha 1989 katika "Q Who": aliitupa Enterprise umbali wa miaka ya nuru 7,000, ikakutana na maadui waitwao Borg, na watu 18 wakapotea. Kazi safi, ingawa aliingia kwa ujanja wa kumteka Picard ndani ya chombo kidogo ili adai hajavunja ahadi ya kutoisumbua meli.

Kama kumwadhibu Yar kulikuwa lazima, kioo kilikuwa mbele yake palepale. Angekiwasha aone wale askari wenye sura za wanyama wanavyojipanga, kisha ampe nafasi ya kuwapelekea wenzake onyo moja, moja tu, achague mwenyewe ni lini. Ndiye mkuu wa usalama wa meli. Angejua la kufanya nalo.