Jirani wa Juu na Mti wa Kumziba

Tembe la Wairaqw wa Mbulu lilichimbwa ndani ya mteremko, paa lake la udongo likalingana na ardhi ya nyuma. Aliyesimama juu ya kilima aliona majani tu. Wazee husema ilikuwa njia ya kuwakwepa wavamizi wa Kimasai. Siku hizi tunajenga kwa tofali na bati, kiwanja tunakichonga mlimani hadi kiwe bapa, na jirani wa kiwanja cha juu akitoka asubuhi kupiga mswaki anaziona sufuria zetu zote. Ukuta wa mita 2 haumsumbui, macho yake yanapita juu yake.

Hapo watu hukimbilia kwenye kitalu, wakaulizia mti unaokua haraka, wakarudi na miche ya mgrevilea na kuipanda mpakani. Makosa mawili kwa safari moja.

Nianze na mahali pa kupanda, maana aina ya mti hufuata hapo. Chukua uwanja uliosawazishwa hadi mpakani, ngema ikaanzia hapo kupanda. Macho ya jirani aliyesimama mlangoni pake yako mita 6 juu ya uwanja wako, na kutoka kwake hadi kwenye bomba lako ni mita 24. Unataka kumficha mtu wa kimo cha mita 1.6 anayekinga maji. Mti wa mpakani, mita 18 kutoka bombani, hauna budi ufike karibu mita 5 ndipo uzibe. Uusogeze ubaki mita 4 tu kutoka bombani, na mita 2.3 zinatosha. Wa kwanza utaungoja miaka na kuupogolea kwa ngazi. Wa pili unaupunguza kwa panga miguu ikiwa chini.

Asiyependa hesabu atafute mwanzi mrefu, afunge kitambaa chekundu, kisha apande kwa jirani apige hodi. Kijana asimame na mwanzi pale unapofikiria kupanda, wewe uangalie kutoka kibarazani kwa jirani, mwingine asimame bombani. Kitambaa kipandishwe na kushushwa hadi kiguse kichwa cha aliye bombani. Urefu huo ndio urefu wa mti wako. Faida nyingine ni kwamba jirani amekwishajua unachofanya, hatasikia kwa watu kwamba unamfungia.

Kweli, mti wa karibu hauzibi uwanja mzima. Lakini nani anaona haya kuonekana akipita na ndoo? Kinachokera ni bafu la nje, kamba ya nguo na pale pa kuoshea vyombo. Ziba hapo.

Sasa aina. Mgrevilea, uliotoka Australia, ni mti mzuri wa shambani, ila kwa kazi hii una tabia mbaya: unapanda juu na kuacha shina tupu, na tunazidi kuusaidia kwa kukata matawi ya chini ya kuni. Baada ya miaka kumi umeficha anga, jirani anaona kila kitu katikati ya mashina. Ukiwa nao tayari, ukate kilele. Huchipua tena vizuri. Saiprasi hubaki na majani hadi chini iwapo utaanza kuikata ikiwa changa, kidogo kidogo. Ukichelewa ukakata hadi kwenye mti mkavu usio na kijani, hapo haichipui tena, tundu linabaki. Tena kuna vidukari vyake, vilivyoonekana Malawi mwaka 1986 kisha vikaenea Afrika Mashariki. Vinaanza na tawi moja la kahawia, mstari mzima ukafuata. Mwashoki wa Dar es Salaam ni mti wa joto, baridi ya Julai ya Mbulu itaudumaza. Mlingoti sitaki hata kuujadili karibu na nyumba.

Kwa upande mkavu wa Hanang, chini kuelekea Ziwa Balangida, mimi ningechagua mnyaa. Mkoa wenyewe, Manyara, umebeba jina lake: ziwa Manyara linasemekana limeitwa kwa neno la Kimasai, emanyara, mmea huu wa kuzungushia boma. Unakata kipande, unakiacha siku kadhaa utomvu ukauke, unakichomeka ardhini. Mbuzi hawaugusi, ukame hauuui. Hauna majani ya kuzungumzia, ila vijiti vyake vya kijani husongamana, upepo ukapenya bila kurusha vumbi juu kama ukuta unavyofanya. Ubaya ni utomvu: ukiingia machoni ni balaa, kwa hiyo usiupande pale watoto wanapochezea, na ukiukata funika macho.

Bado kuna jua. Mbulu iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini, na mti wa mita 5 hutupa kivuli cha karibu mita 2.6 upande wa kusini. Asubuhi na jioni ni kirefu zaidi, upande wa magharibi na mashariki. Jirani wa kusini aliyetoka kuota jua kibarazani msimu wa baridi ataukuta ubaridi wa mti wako. Ule wa mita 2.3, karibu na bomba, kivuli chake cha mchana hakifiki mita 1.2, na kinaangukia kwenye sufuria zako mwenyewe.