Upinde Ungali Mtini

Wengi wakimsifu Mhadzabe humsifu kwa shabaha. Humwona akivuta uta, mshale ukatoka, ndege akaanguka, wakashangilia. Mimi sifa zangu huanza mapema zaidi, pale mtu anaposimama kichakani mbele ya mti mmoja kati ya mingi, akautazama bila haraka kuanzia shinani hadi juu. Naamini upinde hutengenezwa hapo. Kisu huja baadaye, kuondoa kisichotakiwa.

Nchi ya Wahadzabe iko kandokando ya Ziwa Eyasi, kusini-magharibi mwa Ngorongoro: mawe, mibuyu, migunga, na jua lisilo na huruma. Upinde wao bora hutokana na mti wanaouita mutateko, ambao wataalamu wa mimea huuandika Dombeya kirkii. Mishale hukatwa zaidi kwenye kongolobi, mti wa jamii ya mkole, na kongolobi hiyohiyo huzaa vitunda vitamu ambavyo akina mama na watoto huvichuma msimu wake ukifika. Jambo hili hunifurahisha kila nikilifikiria. Anayekwenda kuchuma na anayekwenda kukata hufika kichaka kimoja, na kila mmoja ana sababu yake ya kukijua.

Lakini mutateko kuwa mutateko hakutoshi. Upinde ukivutwa, upande wa mbele, unaoelekea mawindo, hunyooshwa kama unaotaka kukatika. Upande wa ndani, unaomwelekea mvutaji, hubanwa. Pinde za Wahadzabe ni nzito kuvuta, kilo 30 hivi au zaidi, na uzito huo wote hubebwa na nyuzi za mti zinazokimbia kutoka ncha hadi ncha. Kama nyuzi zimejisokota, upinde nao utajisokota mkononi. Kama kuna fundo, nyuzi hulizunguka, na hapo mti hudhoofika. Fundi wa viti angeliona fundo hilo kuwa pambo. Fundi wa pinde huliacha pamoja na mti wake, akaendelea kutembea. Hutafuta shina au tawi lililonyooka, refu la kutosha, lisilo na vitawi vingi, na ganda lake humsaidia: mistari ya ganda ikipanda kwa kuzunguka, kwa kawaida na mbao ya ndani imezunguka.

Kuna siri nyingine ambayo kwangu ndiyo kiini cha ufundi wote huu. Upande wa mbele wa upinde unatakiwa uguswe kidogo iwezekanavyo. Ganda likishabanduliwa, ule uso laini wa mti ulio chini yake ndio bora kuachwa mzima, kwa kuwa uzi ukikatwa pale ufa hupata pa kuanzia. Kuchonga kunafanyika zaidi upande wa ndani. Maana yake ni kwamba sehemu inayobeba hatari kubwa kuliko zote haichongwi na mtu. Imekuzwa na mti wenyewe, mvua kwa mvua, na fundi hana la kufanya juu yake ila kuichagua vizuri. Baada ya hapo mkono una kazi yake: kupunguza kwa kisu hadi ncha ziwe nyembamba kuliko katikati, kupasha mti motoni ili ukubali kunyooshwa, kufunga upote wa kano za mnyama mkubwa. Kazi njema, lakini haiwezi kumwokoa aliyekata mti mbaya.

Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa kijiupinde chake cha kwanza akiwa na miaka mitatu hivi. Sidhani kama kuna shule bora ya kuijua miti.

Ujuzi huu una sharti moja: miti iwepo. Waingereza walilijua hilo kwa uchungu. Pinde zao ndefu walizitengeneza kwa Taxus baccata, mti unaokua polepole mno, na majeshi yalipodai pinde kwa maelfu, misitu haikuweza kufuata kasi. Mwaka 1472 ikawekwa sheria kwamba meli za wafanyabiashara ziingie nchini na fito nne za pinde kwa kila tani ya mzigo. Taifa zima likawa linategemea misitu ya wengine.

Kando ya Eyasi adui si wingi wa pinde. Ni mashamba, kama yale ya vitunguu ya Mang'ola, ni mifugo inayotafuta malisho, ni miti inayoangushwa kwa mambo mengine kabisa. Ndiyo maana hati ya kimila ya ardhi waliyopata Wahadzabe wa Bonde la Yaeda mwaka 2011 naihesabu kuwa habari ya ufundi pia, ingawa magazeti huiweka kwenye kurasa za migogoro ya ardhi. Mhadzabe akinunuliwa kisu kipya atashukuru. Akiachiwa kilima chenye miti ya mutateko ya kutosha, ya kuchagua na ya kukataa, atakuwa na pinde.