Msiba wa Watu Wawili

Wakati tamthilia ya Sultan ilipokuwa ikionyeshwa, mtu aliweza kutembea jioni kutoka Magomeni Mikumi hadi Mapipa asikose neno lake hata moja. Sauti iliyoachwa na dirisha hili ilipokewa na dirisha la pili. Watoto walipigana kwa fito uchochoroni, kila mmoja akitaka kuwa Suleiman, na hakuna aliyekubali kuwa Ibrahim.

Tamthilia hiyo ni ya Waturuki. Ilianza kuonyeshwa kwao Januari 2011 ikamalizika mwaka 2014, nasi tukaipata baadaye kupitia Azam, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Mimi sikuwa mpenzi wa mambo hayo. Mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, nilikaa muda mrefu bila picha wala sikujali. Nilikuwa na baraza yangu na redio yangu. Mke wangu ndiye aliyepokea fedha za upatu akaenda Kariakoo kununua king'amuzi. Nami niliingia ndani jioni moja kutafuta kiberiti, nikamkuta Hatice analia, nikakaa.

Kwa wasioijua hadithi, Hatice ni dada wa Sultani. Anaolewa na Ibrahim, mtumwa aliyepanda hadi kuwa Waziri Mkuu. Wanapendana kweli. Kisha wanafiwa na mtoto mchanga, na tangu hapo nyumba yao haiwi tena ile ya kwanza.

Sina budi kusema kwa nini nilikaa. Sisi nasi tulizika mtoto, wa kwanza, mwaka 1991, kwa homa ya siku tatu. Jina lake sitaliandika hapa, ingawa nalitamka kila siku, kwa maana desturi yetu ni kuitana kwa jina la mtoto. Mimi ni Baba Fulani na yeye ni Mama Fulani hadi leo, na huyo Fulani hayupo. Watu walikuja, wakakaa kwenye mikeka, wakatuambia kazi ya Mungu haina makosa. Nilipokea mkono wa kila mmoja. Arobaini ilipopita, nikaacha kwenda msikitini. Sikugombana na mtu. Niliacha tu, kama mtu anavyoacha kwenda kwa rafiki aliyemkopa akamnyima. Mke wangu alizidi kukaa juu ya mswala. Nikamhesabu kuwa yuko upande wa pili, pamoja na wale wa kazi ya Mungu haina makosa. Tuliishi hivyo miaka mingi, tukazaa wengine, tukasomesha.

Basi nirudi kwenye uhakiki. Sifa kubwa ya tamthilia hii ni kwamba imejua jambo moja ambalo hadithi nyingi hazijui: mke na mume hawalii kilio kimoja. Hatice anajifungia ndani, na dunia yake inakuwa na ukubwa wa kitanda cha mtoto. Ibrahim anakwenda kazini. Ana vita, ana mabalozi, ana barua za kutia muhuri. Mke anaona kwamba mume hana uchungu. Mume anaona kwamba mke hataki kupona. Hakuna mwovu kati yao. Meral Okay, aliyeianza kazi hii na kufariki mwaka 2012 kabla haijamalizika, aliufahamu vizuri ukimya wa watu waliolala kitanda kimoja. Sehemu hizo ndizo bora kuliko zote, na hazikuhitaji kutiwa sauti ya Kiswahili wala ya lugha yoyote.

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo matatu. Imani ni kumwamini Mungu. Imani ni kumwamini mwenzako. Na mtu mkatili husemwa hana imani. Nilipokuwa nikimtazama Hatice niliona jinsi hayo matatu yanavyofungwa kwa kamba moja. Kwanza inalegea ile ya Mungu, pale anapouliza kosa lake ni nini. Kisha inakatika ile ya mume, Ibrahim anapojiingiza kwa Nigar, mtumishi wa jumba la wanawake. Mwisho inakwisha ile ya huruma, naye aliyekuwa mpole kuliko wote anakuwa mtu wa kisasi. Ibrahim anauawa kwa amri ya Sultani, shemeji yake na rafiki yake, na Hatice anakunywa sumu. Anayesema kwamba imani haina kazi katika ndoa na aitazame safari hiyo.

Lakini kasoro zipo, na si ndogo. Ya kwanza ni haraka. Mtoto anapokufa muziki unapanda, na kabla matanga hayajakunjwa tumeshaletewa njama mpya. Msiba umefanywa ngazi ya kupandia fitina. Ya pili inatokana na hiyo: Nigar anapoingia, mtazamaji anapata mtu wa kumlaumu. Hapa mtaani walimlaani yeye, na mtoto wakamsahau. Ukweli ni kwamba nyumba ile ilikuwa imepasuka kabla Nigar hajaigusa.

Ya tatu ni ya historia. Wapo wataalamu wanaotia shaka kama Ibrahim wa kweli alimwoa Hatice, kwa kuwa ushahidi uliopo unaelekea kwa mke mwingine, Muhsine. Hilo silioni kuwa kosa kubwa. Mtunzi ana ruhusa yake. Ninalolisikitikia ni kwamba historia yenyewe ilikuwa na makali ya kutosha. Ibrahim aliuawa Machi 1536, usiku wa Ramadhani, baada ya kuwa Waziri Mkuu kwa miaka 13. Alialikwa kufuturu kwa Sultani, akala, akalala hapo hapo ikulu, akanyongwa. Sisi tunaojua maana ya kufuturu sinia moja na mtu hatuhitaji kuongezewa ngoma wala vinanda.

Hata Suleiman mwenyewe alionja. Mwanawe Mehmed, aliyezaliwa na Hürrem, alifariki mwaka 1543, naye akamwagiza Sinan kujenga msikiti mkubwa kwa kumbukumbu yake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1553, akaamuru mwanawe mwingine, Mustafa, anyongwe. Baba huyo huyo! Nilipofikiri juu ya msikiti ule niliona kwamba jengo laweza kuwa dua, tena laweza kuwa njia ya mtu kutokuzungumza na mama wa mtoto. Mimi sikuwa na mawe wala Sinan. Nilikuwa na baraza na redio.

Jioni moja Hatice alipokuwa amekaa peke yake, mke wangu akasema, bila kugeuka, "Yule mama angeulizwa tu."

Nikamwuliza, "Mama Fulani, siku zile ulikuwa ukiomba nini?"

Akakaa kimya mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Sikuwa naomba, Baba Fulani. Nilikuwa nakaa tu. Juu ya mswala ndipo mahali pekee ambapo watu hawakunisemesha."

Kwa zaidi ya miaka 20 nilikuwa nimemwonea wivu mtu mwenye imani, kumbe tulikuwa wawili tuliopotea, kila mmoja chumba chake. Sikuwa na la kumjibu. Nilimsogezea chai.

Hapo ndipo ninapoipima tamthilia hii. Katika sehemu zake 139 imetuonyesha wivu, sumu, kamba ya hariri na majeshi. Kwa ndoa ya Hatice haikupata nafasi ya swali dogo kama lile, na jibu lake. Pengine mtunzi alijua kwamba likiulizwa, hadithi ingekwisha mapema.

Hata hivyo, ndugu msomaji, ukiipata itazame, na utazame pamoja na mwenzako. Hatice akianza kulia, zimeni sauti kabla muziki haujapanda, mkae kidogo. Sisi sasa tunaswali pamoja siku nyingine, na siku nyingine tunakaa tu.