Mkono Unaojizuia

Nyabibuye ni kata ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Tuseme mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana huko amefuta daftari la mikopo kwenye kompyuta ya ofisi, na shauri limefika mahakamani. Haki ya wanachama sasa inategemea mashine ile na mtu atakayeifungua.

Mtu huyo, mtaalamu wa ushahidi wa kompyuta, ndiye ninayemhusudu. Ufundi wake huanza kwa kujizuia. Hawashi kompyuta, maana kuiwasha tu hubadilisha tarehe za mafaili mengi. Huchomoa diski, huiunganisha na kifaa kinachoruhusu kusoma na kuzuia kuandika, kisha hunakili yote, hata sehemu ambazo mfumo unadai ni tupu. Humo ndimo daftari hujificha. Kwenye diski ya sahani, faili likifutwa hupotea anwani yake tu. Maandishi hubaki mpaka mengine yaandikwe juu yake. Diski nyingi za SSD hujisafisha muda mfupi baada ya kufuta, na mtaalamu mwaminifu hutamka wazi kuwa hakuna cha kurudisha. Kwangu, kauli hiyo ni sehemu ya umahiri wake.

Kisha hukokotoa alama ya SHA-256, yenye tarakimu na herufi 64, ya diski na ya nakala. Zikilingana, nakala ni pacha kamili. Ikibadilika hata koma moja, alama nzima hugeuka. Tangu hapo hufanya kazi kwenye nakala, naye huandika nani alipokea diski, lini, na akamkabidhi nani. Katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisisitiza kumbukumbu za namna hii za makabidhiano ya kielelezo.

Mwaka 2000 Jaji Nsekela, katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh, alikubali chapisho la kompyuta lipokelewe kama kitabu cha benki. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, ikaenda mbali zaidi: huuliza data ilitengenezwa na kutunzwa vipi, na kama kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa.

Hapo ndipo ununuzi wa kompyuta ya kikundi unapoingia. Kompyuta ya mtumba ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa hurudisha tarehe nyuma miaka kadhaa kila umeme ukikatika, na mkopo wa juzi huandikwa tarehe ya zamani. Wakili wa upande wa pili ataanzia hapo.

Viongozi wa vikundi vya Nyabibuye, Kibondo na Kasulu, kabla ya kulipia kompyuta chomoeni umeme, ngojeni, washeni tena, mtazame saa. Na daftari likitoweka, acheni kabisa kuitumia kompyuta hiyo. Msimruhusu yeyote ajaribu programu ya kurudisha mafaili kabla mtaalamu hajafika.