Mafuta ya Maua na Ubani: Kuyavaa na Kuyahukumu

Tangu Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, wananchi wa Tanganyika, na baadaye wa Tanzania nzima, wameandika mengi juu ya ngoma, ushairi, uchongaji na maigizo. Kila fani katika hizo imepata wahakiki wake, nao wamejitahidi kuweka vipimo vya kupambanua kazi njema na kazi mbovu. Lakini iko fani moja inayotumika kila siku katika nyumba za pwani, katika harusi na katika sala ya Ijumaa, ambayo wahakiki wameipita kando. Hiyo ni fani ya manukato. Yafaa basi tuitazame kama tunavyozitazama nyingine: tuulize imetengenezwaje, inavaliwaje, na nani mwenye haki ya kuihukumu.

Lugha yetu yenyewe inatupa mahali pa kuanzia. Kiswahili kina kitenzi *kunuka*, nacho ni kutoa harufu mbaya. Na kutokana nacho kimepatikana *kunukia*, yaani kutoa harufu nzuri. Kwa umbo lake, *kunukia* ni kauli ya kutendea, kauli ile ile tunayoitumia tusemapo kupikia au kuimbia. Mtu humpikia mgeni na humwimbia mtoto. Vivyo hivyo, anayenukia humnukia mtu. Hapo ndipo hoja ya makala haya ilipo: manukato ni kazi inayofanywa kwa ajili ya mwingine, kwa hiyo haiwezi kuhukumiwa kwenye mdomo wa chupa, wala na pua ya aliyejipaka peke yake. Huhukumiwa juu ya ngozi, kwa muda, na watu walio karibu.

Mfano wetu tumeutoa Mbwawa, katika nchi ya Kibaha na Kisarawe, miongoni mwa Wazaramo na Wakwere. Huenda msomaji akauliza kwa nini tusiende Unguja au Lamu, ambako sifa za manukato zimeenea zaidi. Jibu ni kwamba nchi hii ya minazi, mikorosho na mihogo ina historia ndefu na utomvu wa miti. Katika karne ya 19 wananchi wa Uzaramo walichimba sandarusi ardhini, mabaki ya misandarusi iliyokufa zamani. Sandarusi hiyo ilipelekwa Unguja, na kutoka huko ikasafirishwa hadi Salem nchini Marekani, na hadi Ulaya na India, ikawa vanishi ya kung'arishia samani na magari ya farasi. Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857, aliieleza biashara hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1860.

Jambo la kutazama hapa ni ujuzi wa kupambanua. Wachimbaji na wafanyabiashara waliitenga chakazi, yaani sandarusi mbichi iliyotoka mtini au iliyokaa ardhini muda mfupi, na sandarusi iliyokomaa. Ile iliyokomaa, ikisafishwa, ilionyesha ngozi yenye vipele vidogo kama ya kuku aliyenyonyolewa manyoya, nayo ndiyo iliyotafutwa sana. Kwa hiyo watu wa nchi hii hawakuwa wageni wa kazi ya kuhukumu utomvu kwa jicho na kwa mkono. Ila hukumu hiyo ilifanywa kwa faida ya soko la ng'ambo, na soko lilipopata vitu vingine vya kutengenezea vanishi, biashara ikafifia na ujuzi ule ukafifia nayo. Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu ujuzi wa manukato nao waweza kufuata njia hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye mafuta yenyewe. Mafuta ya namna tunayoizungumzia hutengenezwa nyumbani kwa mafuta ya nazi, asumini, mlangilangi na ubani, na pengine huongezwa liwa kidogo. Kila kimoja kina kazi yake. Asumini hufunguka usiku na huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa. Ndiyo maana maua mabichi huweza kulazwa katika mafuta, yakaondolewa yakichoka, na mengine kutiwa mahali pake, mpaka mafuta yakolee. Mlangilangi una nguvu zaidi alfajiri, na huko Komoro, nchi inayoongoza duniani kwa mafuta ya ua hilo, wachumaji huliwahi asubuhi. Ua hili si la pwani yetu tu. Manukato ya Kifaransa yaitwayo Chanel No. 5, yaliyotungwa na Ernest Beaux mwaka 1921, yamejengwa juu ya asumini na mlangilangi pamoja na maua mengine. Ubani nao hutoka Somalia na Dhofar huko Oman. Una sehemu ya utomvu unaoyeyuka katika mafuta na sehemu ya gundi isiyoyeyuka, kwa hiyo hupashwa moto mdogo na kuchujwa.

Kwa nini maua yakahitaji ubani? Kwa sababu sehemu kubwa ya harufu ya ua ni nyepesi na huruka upesi katika joto, hali chembe za utomvu ni nzito na huondoka polepole. Zikichanganywa, zile nzito huzishika zile nyepesi zisikimbie zote kwa mara moja. Mafuta ya nazi nayo hupunguza mwendo. Nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, lakini ngozi ya binadamu ina joto zaidi ya hapo, hivyo mafuta huyeyuka mara yagusapo mkono na kuanza kutoa harufu kwa utaratibu. Tofauti na marashi ya spiriti yanayorusha harufu chumba kizima, mafuta hukaa karibu na mwili. Ni manukato ya mtu aliyekaa mkekani na mwenzake, si ya mtu apitaye barabarani.

Mafuta tuliyoyapima kwa ajili ya makala haya yalipakwa saa nane mchana, tone moja ndani ya kifundo cha mkono na jingine nyuma ya sikio. Hayakusuguliwa. Yaliachwa yatulie yenyewe. Kwanza ulitoka mlangilangi, mtamu na mzito, na kwa robo saa ya mwanzo ulikuwa mwingi kupita kiasi. Pua ilitafuta nafasi ya kupumua isiipate. Hii ni kasoro, na haifai kufichwa kwa sababu tu mafuta ni ya nyumbani. Baada ya nusu saa mlangilangi uliteremka na asumini ikajitokeza. Hapo ndipo kazi ya ngozi ilipoonekana. Asumini ina kemikali iitwayo indoli, ambayo imo pia katika kinyesi. Ikizidi, ua hunuka. Ikikosekana, ua huwa kama picha ya ua. Katika joto la mchana wa Mbwawa, jasho dogo likitoka, asumini hii ilisimama pale pale kwenye mpaka wa *kunuka* na *kunukia* bila kuuvuka. Huo ndio ufundi, nao haukuonekana kabisa kwenye chupa.

Kufikia saa kumi na moja maua yalikuwa yamepungua, na ubani ukashika mahali pake: mkavu, wenye uchachu kidogo kama wa ganda la limau, na nyuma yake liwa laini. Magharibi ilipoingia, aliyejipaka alisema mafuta yamekwisha. Waliokaa naye walisema bado yapo. Wote wawili walisema kweli. Pua huizoea harufu inayokaa nayo na kuacha kuipokea, hata kama harufu yenyewe haijaondoka. Hivyo aliyejipaka, akijiamini peke yake, ataongeza tone, na tena tone, mpaka awakere wenzake pasipo kujua.

Jambo hili laeleza hekima iliyomo katika desturi. Pwani, bibi harusi hajipambi peke yake. Kungwi au somo wake humsinga kwa singo ya maua na liwa, humfukiza udi na ubani kwenye chetezo, humpaka mafuta, kisha humnusa na kukata shauri. Wako watakaouona utaratibu huu kuwa mbwembwe za harusi tu. Sisi twauona kuwa ni uhakiki uliokamilika: yuko mtunzi, iko kazi, na yuko mhakiki ambaye pua yake haijazoea harufu ya kazi ile. Mwali wa Kizaramo hapewi mafunzo na kungwi kwa maneno peke yake. Mwili wake pia hutunzwa na kupimwa na mikono ya wakubwa. Marja-Liisa Swantz, aliyeishi Bunju na kuchapisha mwaka 1970 kitabu juu ya ibada na ishara za Wazaramo, alionyesha jinsi mafunzo haya yalivyojengwa juu ya vitu vinavyoshikika na kutazamika. Harufu yastahili kuwekwa katika hesabu hiyo.

Kwa kulinganisha, tulipima pia mafuta ya dukani, chupa ndogo iliyoandikwa kuwa ni ya udi na maua. Haki yatudai tuseme kwamba mafuta haya yalidumu kuliko yale ya nyumbani. Asubuhi ya pili yalikuwa bado yapo katika nguo. Hayakuwa na kasoro ya kuanza kwa kishindo cha mlangilangi. Lakini dakika ya kwanza na saa ya sita zilikuwa kitu kimoja. Yalipopakwa kwenye mikono ya watu watatu, mikono yote mitatu ilinukia vile vile, kana kwamba ngozi haikuulizwa kitu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mafuta haya si mabaya, ila yanajitembeza: yanafika mlangoni kabla ya mwenyewe na yanabaki baada yake kuondoka, lakini hayasemi lolote juu yake. Mafuta ya nyumbani, pamoja na kasoro yake, yalimpa kila mmoja harufu yake.

Pingamizi mbili zaweza kutolewa. Ya kwanza ni kwamba mambo haya ni ya kigeni: ubani watoka Somalia na Oman, udi watoka Asia, na majina mengine ni ya Kiarabu. Ni kweli. Lakini nazi ni ya hapa, asumini imepandwa mlangoni, na mkono unaochanganya ni wa hapa. Tukiikataa kila fani yenye malighafi iliyovuka bahari, itatubidi tuiache na kanga. Ya pili ni kwamba kujipamba ni anasa isiyostahili kuandikwa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua zikapigwa marufuku. Mjadala ule ulikuwa mkali, lakini ulikuwa wa macho. Ulihusu yanayoonekana barabarani. Ulituachia mazoea ya kuyagawa mapambo katika makundi mawili, yaliyo yetu na yasiyo yetu, kisha kunyamaza. Mhakiki hatosheki hapo. Hata kitu kikiwa chetu, bado lazima tuulize kama kimetengenezwa vizuri.

Na hapa ndipo hatari ilipo. Kijana anayenunua mafuta Kariakoo huyanusa kwenye mdomo wa chupa, tena baada ya kunusa chupa nyingine kumi, akachagua ile inayopiga kelele kuliko zote. Hilo si kosa lake, kwani hakuna aliyemfundisha kipimo kingine. Soko likizoea wanunuzi wa namna hiyo, mtengenezaji mwenye subira ya kubadili maua usiku baada ya usiku atakosa sababu ya kuendelea, na kungwi ajuaye kunusa atabaki na ujuzi usioulizwa. Chupa zitazidi kuwa nyingi madukani huku wahakiki wakitoweka majumbani.

Kwa hiyo twapendekeza vipimo vinne, vyepesi kwa mtu yeyote kuvitumia. Kwanza, mafuta yapakwe kwenye ngozi safi, tone moja, yasisuguliwe. Na kwa kuwa asumini na mlangilangi huweza kuwasha ngozi za baadhi ya watu, tone hilo lijaribiwe kwanza ndani ya mkono kwa siku moja. Pili, yasihukumiwe kabla ya nusu saa, wala hukumu isifungwe kabla ya jioni. Tatu, yanuswe na mtu mwingine aliyekaa hatua moja kutoka kwa aliyejipaka. Yasiposikika hapo ni mepesi, yakisikika kutoka uani yamezidi. Nne, iangaliwe kama maua na utomvu vimepokezana. Maua yasiyo na utomvu hukimbia, na utomvu usio na maua ni chetezo bila harusi.

Aidha, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, pamoja na wataalamu wa lugha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wangefanya kazi kubwa kama wangekwenda Mbwawa na vijiji vingine vya Pwani kukusanya maneno ya fani hii wakati wenye maneno hayo wangali hai: majina ya mchanganyiko, ya hatua za kazi, na hasa maneno ambayo kungwi huyatumia anapoyakataa mafuta. Maneno ya sifa ni rahisi kuyapata, maana hata chupa za dukani zimeyaandika. Maneno ya kukataa ndiyo adimu, nayo ndiyo tunayoyahitaji zaidi ili fani hii iweze kuhakikiwa kwa Kiswahili.