Majina ya Seti za Namba: Uhakiki wa Istilahi

Kiswahili si maskini wa maneno ya hesabu. Mbili, tatu na nne ni ya Kibantu, na Mnyakyusa wa Tukuyu huyatambua mara moja, maana mashina yake yamo katika lugha yake mwenyewe. Sita, saba na tisa yametoka Kiarabu, na hilo la mwisho limechukua mahali pa kenda. Sifuri nayo ni ya Kiarabu. Laki imetoka Bara Hindi. Basi anayehakiki majina ya seti za namba hana haja ya kuuliza kama maneno yapo. Imempasa kuuliza kama yanatenganisha yapasayo kutenganishwa.

Namba asilia ni jina jema. Ndizo namba za kuhesabia mikungu ya ndizi sokoni Tukuyu: moja, mbili, tatu, bila kikomo. Ugumu waanza hatua ya pili. Asilia zikiongezwa sifuri huitwa namba nzima. Zikiongezwa hasi pia huitwa namba kamili. Lakini katika maneno ya kila siku nzima na kamili ni ndugu pacha: mkungu mzima ni mkungu kamili. Mwanafunzi hapati katika majina yenyewe dalili yoyote kwamba hasi tatu imo katika seti moja na haimo katika nyingine.

Huenda mtu akapendekeza kasoro badala ya hasi, kwa kuwa watu husema saa tatu kasorobo. Pendekezo hilo halifai. Kasoro ni upungufu wa kitu kingine. Hasi tatu ni namba yenyewe, yenye mahali pake kushoto kwa sifuri.

Namba wiano yaonekana kuwa jina bora kuliko yote, kumbe lina mtego. Chukua shamba la chai wilayani Rungwe, la mraba, kila upande mita 100. Kutoka kona hadi kona ya pili yake ni mita 141.42 na zaidi, na tarakimu zake hazikomi wala hazijirudii kwa utaratibu. Urefu huo ukigawanywa kwa upande hupatikana kipeuo cha pili cha mbili, nacho huitwa namba isiyo wiano. Hali kadhalika pai: ni uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake, na bado huambiwa haina wiano! Jina latimia tu likielezwa kwamba wiano unaotajwa ni wa namba kamili mbili, ya pili isiwe sifuri. Ndiyo maana 22/7, inayotumiwa darasani badala ya pai, ni namba wiano, na pai yenyewe siyo.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Maana ya wiano yategemea kamili. Kamili ikichanganywa na nzima, wiano huyumba, na namba halisi, zikusanyazo wiano na zisizo wiano, hukosa msingi. Mtoto wa Rungwe ahesabuye kwanza kwa Kinyakyusa, kisha kwa Kiswahili katika shule ya msingi, hukutana na Kiingereza sekondari. Istilahi legevu humlazimisha kujifunza jambo lile lile mara ya tatu.

Yafaa kamili libaki peke yake, na nzima liachwe. Mahali pake pasemwe asilia pamoja na sifuri. Ni maneno mengi zaidi, lakini hayadanganyi.